Kipa kijana: benchi la klabu kubwa au lango la timu ya kawaida?

Mtoa mada: Kila dirisha la usajili swali hili linarudi. Kipa wa miaka 20 amedaka vizuri timu ya mkoani, Simba au Yanga wanamtaka awe namba mbili au tatu. Mimi nasema asiende. Winga wa benchi hupewa dakika 20 za mwisho. Kipa habadilishwi mpaka aumie au ale kadi nyekundu. Ligi ina mechi 30, na namba mbili anaweza kuimaliza bila kudaka hata moja. Kipa Aishi Manula alienda Simba 2017 akiwa tayari kipa wa kwanza wa Azam na Taifa Stars, akaingia moja kwa moja kikosini. Kipa Beno Kakolanya alipohamia Simba 2019, mbele yake alikuwa Manula huyohuyo. Akasugua benchi muda mwingi, 2023 akaenda Singida.

Ndani ya 18: Mkuu, Ally Salim wa Simba umemsahau? Alikuwa namba tatu. Aprili 2023 Manula hayupo, akasimama langoni dabi ya Kariakoo dhidi ya Yanga, Simba ikashinda 2-0. Akacheza na Wydad ya Morocco robo fainali ya Ligi ya Mabingwa Afrika, wakatolewa kwa matuta kule Casablanca. Agosti, Ngao ya Jamii pale Mkwakwani, akapangua penalti tatu za Yanga. Na kipa Romero wa Argentina msimu wa 2013/14 alikuwa benchi Monaco, lakini Julai 2014 akaokoa mikwaju ya Vlaar na Sneijder wa Uholanzi, nchi yake ikaingia fainali ya Kombe la Dunia.

Mtoa mada: Sijamsahau. Msimu uleule wa Ngao, Simba walikuwa na kipa Lakred. Mwaka uliofuata wakamleta kipa mwingine, Camara. Salim akarudi benchi. Romero alikuwa na miaka 27 na alishadaka Kombe la Dunia la 2010.

Glavu: Nyote mnapima kwa penalti. Kuokoa mashuti hakupotei haraka, mazoezi yanatosha. Kinachooza benchini ni krosi. Kona ikipigwa, kipa anasoma mpira unavyojikunja, anaangalia nani kasimama ndani ya boksi dogo la mita 5.5, anaamua kutoka au kubaki. Aliyekaa bila mechi anachelewa nusu hatua: anatoka, anasita katikati, mpira unapita juu ya ngumi zake. Pia anaganda kwenye mstari. Timu ikipanda, nyuma ya mabeki kunabaki uwazi, na pasi ndefu ikija mshambuliaji anaifikia kwanza. Halafu sauti: anaita "yangu!", beki ambaye hajawahi kucheza naye anaruka vilevile, wanagongana.

Aliye benchi apigiwe krosi 30 hadi 40 kwa zoezi, mara mbili kwa wiki, kukiwa na watu wanane ndani ya boksi wanaomsukuma kwelikweli. Krosi za kocha na kipa, wao wawili peke yao, hazimfundishi kuamua. Mechi za kirafiki adake dakika zote 90. Klabu isiyokuwa na timu ya vijana inayoshindana, asisaini.

Mkataba Kwanza: Kaka, hayo sawa, lakini timu ndogo nazo zina yake. Mshahara unachelewa, kocha wa makipa hakuna, kiwanja kina vipara na mpira unadunda vibaya mbele ya kipa. Kila akiupata anaambiwa abutue mbele, kwa hiyo hajifunzi kuanzisha mashambulizi kwa pasi, jambo ambalo klabu kubwa zinalitafuta. Bora asaini huko juu, kisha atolewe kwa mkopo msimu mzima. Iandikwe kwamba harudishwi dirisha dogo la katikati ya msimu bila ridhaa yake, na mshahara ulipwe na klabu mama. Kabla ya kalamu, aulize mkataba wa namba moja unaisha lini. Asidai ahadi ya kupangwa. Hakuna kocha atakayekubali kuchaguliwa kipa.

Ndani ya 18: Ndiyo njia ya kipa wa Argentina, Emiliano Martínez. Arsenal tangu 2010, mikopo Oxford, Rotherham, Getafe, Reading. Juni 2020 kipa namba moja, Leno, akaumia kule Brighton, Martínez akaingia, Agosti akabeba Kombe la FA.

Mtoa mada: Na Septemba akaondoka! Alienda Aston Villa, timu iliyokuwa imenusurika kushuka daraja, kwa sababu huko lango lilikuwa lake. Copa América 2021 na Kombe la Dunia 2022 alizibeba akiwa Villa. Mwenye kuamini klabu kubwa amtazame kipa James Trafford: akiwa namba moja wao, Burnley waliruhusu mabao 16 tu katika mechi 46 msimu wa 2024/25, Manchester City, klabu iliyomlea, wakamrudisha, akaanza mechi tatu za kwanza za ligi. Septemba ilipoingia, kipa wa Italia, Donnarumma, akawa ameshasajiliwa.

Glavu: Inauma, ila Trafford alishadaka misimu miwili Burnley, hivyo benchi halimmalizi upesi. Huyu wetu wa miaka 20 ana mechi ngapi za ligi? Kama hazifiki 40, abaki alipo msimu mmoja zaidi, na sharti lake la kuongeza mkataba liwe kocha wa makipa, kabla hata ya nyongeza ya mshahara.