Nyumba ya watumishi ya mbili kwa moja, waombaji saba: vigezo ni vipi?

Mwalimu wa Kitulo
Habari za majukumu, wanajukwaa. Kijijini kwetu, upande wa Kitulo, imekamilika nyumba ya watumishi ya mbili kwa moja, yaani nyumba mbili chini ya paa moja, nasi waombaji ni saba, walimu na wahudumu wa zahanati. Kikaoni wengine walitaka ukongwe kazini, wengine ukubwa wa familia, tukatawanyika bila uamuzi. Mimi ni mmoja wa waombaji. Nimepanga chumba mwendo wa karibu saa nzima, na wakati wa mvua huingia darasani sketi imelowa hadi magotini. Mkunga wetu naye amepanga ng'ambo ya bonde, na akiitwa usiku hutegemea bodaboda ambayo mara nyingi hushindwa kupanda kwa utelezi. Je, halmashauri inapaswa kutanguliza nini?

Mstaafu, Iringa
Pole, mwanangu. Nimekaa kwenye vikao vya namna hii miaka mingi, na ukongwe ndio kigezo kinachotajwa haraka kwa sababu hakimgombanishi mwenyekiti na mtu. Mimi ningeuliza kwanza ni kazi ya nani inayoharibika asipokaa karibu. Mama mwenye uchungu hasubiri kupambazuke. Nyumba moja ni ya mkunga.

Mwanasheria, Mbeya
Naunga mkono, ila msiishie kwenye busara ya kikao. Kule England, Sheria ya Makazi ya 1996 inailazimu kila halmashauri kuwa na mpango wa maandishi wa kugawa nyumba, na kuwapa kipaumbele wasio na makazi, wanaoishi kwa msongamano au katika nyumba zisizofaa, wenye sababu za kiafya au za ustawi, na wanaohitaji kuhamia eneo fulani ili kuepuka adha. Ndani ya mipaka hiyo kila halmashauri hupanga yake: zipo zinazotoa alama, zipo zinazowaweka waombaji katika madaraja, na tarehe ya maombi huwatenganisha waliolingana kwa uhitaji. Aidha, sheria ya 2011 iliziruhusu kuamua nani anastahili kuingia kwenye orodha, na nyingi zikadai mtu awe amekaa hapo miaka kadhaa, sharti ambalo kwenu lingemfungia nje mwalimu aliyeripoti juzi. Ni kweli kwamba zile ni nyumba za raia wa kawaida na zenu ni za watumishi. Lakini utaratibu wa kutazama uhitaji kwanza na tarehe baadaye mnaweza kuuchukua, mradi uandikwe na kubandikwa kwenye ubao wa matangazo kabla funguo hazijatolewa.

Mwalimu wa Kitulo
Nawashukuru sana. Nimeandika pendekezo na kulipeleka kwa mtendaji: nyumba moja kwa mkunga, ya pili kwa alama za afya na umbali, na tarehe ya barua ya maombi iamue wanapolingana. Kwa hesabu hiyo anayenitangulia ni mwenzangu ambaye mwanawe ana pumu na chumba chao kinavuja. Nimeshamwambia, na pendekezo nimeliacha kama lilivyo.