Bulls ya 1996 na Warriors ya 2017 wakikutana mechi saba, nani anatoka?

Kikapu_Kurasini (mleta mada)
Wakuu, kijiweni kwetu ubishi huu haujawahi kuisha kwa amani, sasa nauleta huku. Chicago Bulls ya msimu wa 1995-96, waliomaliza ligi ya kikapu ya NBA na ushindi 72 na vipigo 10, dhidi ya Golden State Warriors ya 2016-17, walioshinda 67, wakapoteza 15, halafu kwenye mtoano wakafungwa mechi moja tu kati ya 17.

Mtauliza kwa nini nimeiacha ile Warriors ya 73-9 ya mwaka uliotangulia. Jibu jepesi: waliongoza fainali 3-1 dhidi ya Cleveland, wakapinduliwa 4-3. Asiye na pete ya ubingwa asije kwenye mjadala wa timu bora za wakati wote.

Kura yangu ni Bulls, mechi sita. Msimu ule Jordan, Pippen na Rodman waliingia wote watatu kwenye kikosi cha kwanza cha wakabaji bora wa ligi. Watatu kutoka timu moja! Hapo hata sijagusa pointi 30.4 za Jordan kwa mechi.

mtoto_wa_ilala
Mkuu, kwa heshima zote, umevaa miwani ya mbao. Niambie jambo moja tu: Durant wa Warriors anakabwa na nani?

Rudi fainali ya 2017, mechi ya tatu, pale Cleveland. Zimebaki kama sekunde 45, Cavs (Cleveland) wanaongoza 113-111. Durant anashuka na mpira mwenyewe, taratibu, LeBron wa Cleveland yuko mbele yake. Hapigi pasi, hatafuti kizuizi cha mwenzake. Anasimama nje ya mstari, anapaa, pointi tatu. 114-113, mechi imeisha pale. LeBron hakukosea chochote, mkono ulikuwepo, ila jamaa anatupia juu ya kila mtu. Pippen akienda kwa Durant, Curry, mpigaji wao mwingine, anabaki na Ron Harper wa Bulls. Pippen akienda kwa Curry, Durant anabaki na nani? Rodman mwenye miaka 35? Nani atamfunga paka kengele?

Bi_Ribaundi
Ndiyo, Rodman huyohuyo wa miaka 35, na msimcheke. Fainali za 1996 dhidi ya Seattle, mechi ya pili alichukua ribaundi 11 za kushambulia, yaani mipira 11 iliyokosa kuingia kwenye ringi la adui. Mechi ya sita, ya kufunga kazi, akachukua 11 tena. Sisemi ribaundi zote, nasema zile za upande wa adui tu. Maana yake Jordan akikosa, mpira unarudi kwa Jordan.

Warriors wakiingiza kile kikosi chao kifupi, Draymond Green akicheza kama senta, nani anamzuia Rodman pale chini? Pachulia, senta wao halisi, atakuwa benchi. Kila mtupo wa Chicago utakuwa na nafasi mbili.

sheria_kwanza
Mnagombana bila kusema mnacheza kwa sheria za mwaka gani, na hilo ndilo linaloamua kila kitu.

Kwa sheria za 2017, dada yangu Bi_Ribaundi, Rodman ana tatizo kabla hata mpira haujatupwa. Msimu ule wa 72-10 alikuwa na wastani wa pointi 5.5. Green atamwacha asimame peke yake, atakwenda kuziba katikati akimsubiri Jordan. Green ndiye mkabaji bora wa ligi wa 2017, kusoma mchezo na kuziba njia ndiyo kazi yake. Ukabaji wa eneo, yaani kulinda sehemu badala ya mtu, umeruhusiwa tangu msimu wa 2001-02. Kwa sheria za 1996 hairuhusiwi: unakaa na mtu wako, au unakwenda moja kwa moja kumbana mwenye mpira. Kuelea katikati ukimchungulia Rodman kwa mbali ni kosa.

Na mkono. Zamani mkabaji alivumiliwa zaidi akimwekea mwenye mpira mkono kumpunguza kasi. Tangu 2004-05 wamebana sana. Harper na Pippen wakiruhusiwa kumsukasuka Curry kila anapopanda na mpira, ni habari nyingine kabisa.

mtoto_wa_ilala
Hapo umeongea pointi, ila umesahau moja, tena kubwa. 1996 mstari wa pointi tatu ulikuwa umesogezwa karibu! Kuanzia 1994-95 hadi 1996-97 ulikuwa mita 6.7 pande zote, karibu nusu mita ndani ya huu wa sasa wa pale juu. Mnataka kumpa Curry nusu mita ya bure? Huyu alifunga tatu 402 kwenye msimu mmoja, 2015-16, kwa mstari mrefu. Wachezaji sita walichaguliwa kabla yake kwenye uteuzi wa wachezaji wapya wa 2009, timu zikidhani ni mwembamba mno. Hata Thabeet wetu alichukuliwa wa pili na Memphis, Curry wa saba. Msirudie kosa la Memphis.

Halafu hizo sheria za zamani za kila mtu na mtu wake zinamfaa Durant kuliko yeyote. Mmoja kwa mmoja, hakuna anayesaidia kutoka katikati. Mnamchimbia Jordan kisima, Durant naye anakunywa.

Kikapu_Kurasini
Aisee, la mstari sikuwa nimelipigia hesabu. Lakini mstari ni wa wote. Steve Kerr mwenyewe wa Bulls msimu ule alipiga tatu kwa zaidi ya asilimia 51.

mzee_wa_kaseti
Na huyo Kerr atakaa benchi lipi? Yumo kwenye timu zote mbili jamani, huku mchezaji, kule kocha. Mimi namwacha kwa Warriors. Pembetatu, mfumo wa kushambulia wa Phil Jackson, kocha wa Bulls, ameicheza, anajua pasi inaanzia wapi na inaishia kwa nani. Hiyo peke yake naipa mechi moja.

Ila waamuzi wa Rodman na Draymond uwanja mmoja, nawaonea huruma. Waombe likizo mapema.

Mwana_Lubumbashi
Wote mnapoteza muda. Leteni Lakers ya 2001. Mtoano 15-1, na ile moja waliyofungwa iliamuliwa kwenye dakika za nyongeza, Iverson wa Philadelphia akipiga 48. Shaq, senta wao, alimaliza fainali na pointi 33 kwa mechi, na aliyekuwa anamkaba ni Mutombo wetu wa Kongo, mkabaji bora wa ligi mwaka uleule, mita 2.18. Kama Mutombo alisukumwa mpaka chini ya ringi, Longley wa Bulls na Pachulia watafanya nini?

Bi_Ribaundi
Kaka, hilo lifungulie uzi wake, nitakuja. Hapa ni wawili tu.

sheria_kwanza
Napendekeza hivi: kila timu nyumbani itumie sheria zake, mstari wake, waamuzi wa zama zake. Bulls wana ushindi 72 dhidi ya 67, kwa hiyo mechi ya saba ni Chicago.

Kikapu_Kurasini
Nakubali mara mia. Kule Oakland wanachukua zote tatu, siwabishii. Na kule Chicago Warriors wanaiba moja, labda ya pili, Klay Thompson wao akiwashwa moto. Lakini Bulls wanahitaji nne, na nyumbani wana mechi nne tu... aah.

mtoto_wa_ilala
Hahaha! Umejipigia hesabu mwenyewe mkuu. Tatu na moja ni nne. Warriors, mechi sita. Soda yangu iwe baridi.

Bi_Ribaundi
Ngoja kwanza, nani kasema Oakland wanachukua zote tatu? Kikosi cha Harper, Jordan, Pippen, Kukoč na Rodman, Longley akikaa benchi, kinabadilishana watu kwenye kila kizuizi bila kuacha pengo. Kukoč ana mita 2.08 na anapiga kwa mbali. Wakicheza hivyo robo mbili za mwisho, wanaondoka na moja. Bulls, saba.