Kwa nini "did" hutangulia kiima katika sentensi isiyo swali?

Muulizaji:
Habari zenu. Ninajiandaa kwa mtihani wa kidato cha nne, na mazoezi ya kuandika upya sentensi za Kiingereza yananitatiza. Katika "Only when the bell rang did the pupils enter the classroom", kitenzi kisaidizi kimetangulia kiima kana kwamba mtu anauliza, ilhali "the bell rang" imebaki na mpangilio wa kawaida. Nitajuaje ni upande upi unaopinduliwa?

Mchangiaji wa kwanza:
Ndugu, tafuta kwanza kishazi huru, kwa sababu katika sentensi ya aina hii ndicho kinachopinduliwa. Maneno yote manne ya "when the bell rang", pamoja na "only" iliyotangulia, ni kielezi kimoja cha wakati, na kishazi tegemezi kilichomo ndani yake hakiguswi. Kielezi chenye ukanushi au ukomo kikiletwa mwanzoni, kitenzi kisaidizi cha kishazi huru hutangulia kiima. Kisipokuwapo, huingizwa "do", "does" au "did", na kitenzi kikuu hurudi katika umbo lake la msingi. Ndiyo maana tunaandika "did the pupils enter", wala si "did the pupils entered". Jipime kwa kuirudisha sentensi katika mpangilio wake wa kawaida: "The pupils entered the classroom only when the bell rang."

Mchangiaji wa pili:
Maelezo hayo ni sahihi, ila usiyatumie vivyo hivyo kwa "no sooner" na "hardly". Katika "No sooner had the rain stopped than we left", kinachopinduliwa ni kishazi cha mwanzo, kwa kuwa "no sooner" inakieleza kitenzi cha kishazi hicho. Vilevile, "Only the teacher knew" haipinduliwi, kwani "only" hapo ni sehemu ya kiima.

Mchangiaji wa tatu:
Nadhani ugumu wenyewe unatokana na mazoea yetu. Tunasema "Walikuja wageni" bila kupoteza maana, kwa sababu kiambishi "wa-" kinamtambulisha mtenda popote atakapowekwa. Kiingereza hakina msaada huo kwa kiwango hicho; humtambua mtenda hasa kwa nafasi yake, na kwa hiyo upinduzi umewekewa mipaka mikali. Ukikutana na "Had I known, I would have come", irejeshe kuwa "If I had known", kisha uendelee kusoma.