Silensa si kazi! Fundi kanitoboa pistoni kwa kutengeneza kabureta ya supachaja kwa sikio

Wadau, asalam aleikum. Naandika na hasira, maneno yakizidi mtanisamehe.

Nina Toyota DX aliloniachia marehemu ami yangu, injini ya 5K, cc 1486. Mwaka huu nikalifunga supachaja (pampu inayozungushwa na injini yenyewe kuisukumia hewa zaidi) ya SC12, zile za injini ya Toyota 4A-GZE, na kabureta ya Weber 32/36 kwa juu, hewa inapita kwenye kabureta kwanza ndipo inyonywe na supachaja. Wale wa kucheka, ngojeni. Bentley walifunga hivyo hivyo Uingereza mwaka wa 1929, kabureta mbili za SU zikilisha supachaja. Mpangilio hauna kosa. Kosa ni nani unampa bisibisi.

Nikalipeleka gereji moja upande wa Changamwe, jina sitaji. Shida yangu ilikuwa moshi mweusi likiwa kwenye silensa, yaani gari limesimama, injini inanguruma bila kukanyagwa. Jamaa kafungua boneti, kachomoa jeti (kile kitundu cha kupimia petroli), kapekua kopo lake la spea, kaweka nyengine, halafu kainama na sikio, mkono kwenye skrubu. Robo saa. Muuza kahawa akapita na dele lake, fundi kanunua kikombe, kakiweka juu ya kifuniko cha tapeti injini ikinguruma. Kahawa haikutikisika.

"Shehe wangu, sikiza silensa hiyo."

Wallahi ilikuwa tamu. Nikamuuliza, na likipanda mlima na mzigo? Akacheka. "Likishakaa kwenye silensa, huko mbele litajipata lenyewe." Nikatoa shilingi 18,000 kama zuzu.

Litajipata lenyewe! Skrubu ile inahusika na silensa tu. Ukikanyaga, petroli inatoka kwenye jeti kubwa, na mzigo ukizidi kuna pawa valvu inayotakiwa ifunguke iongeze. Na hapo ndipo supachaja inapomuumbua fundi wa kukariri. Pawa valvu inafungwa na vakyumu, yaani mvuto wa hewa, ya chini ya kabureta. Gari la kawaida likielemewa, vakyumu inaanguka, valvu inafunguka, kwisha. Kwangu mimi kuna supachaja hapo chini inavuta muda wote. Kwenye manifoldi, yale mabomba ya kuingizia hewa kwenye injini, tayari kuna msukumo wa psi 6, lakini pale kwenye kabureta bado vakyumu ipo, kwa hivyo valvu imelala na injini inakufa njaa. Dawa inajulikana: ile ishara ya kufunga na kufungua valvu uichukue kwenye manifoldi, baada ya supachaja, si kabla. Ni kipande cha mpira na nipeli! Nilimwambia. Akaniambia mambo ya intaneti hayo.

Jumamosi tunakwenda harusini Mariakani, watu wanne ndani. Miritini tumepita vizuri. Kupanda Mazeras, nyuma ya lori la makontena, nikakanyaga nipite. Nikasikia injini inagonga, kama mbegu za mabuyu zinatikiswa ndani ya ndoo. Sekunde tatu, nne. Kabla sijaachia, nguvu zikakatika, nyuma moshi wa buluu, na kifuniko cha oili kinapumua kama chatu. Mamangu mdogo na buibui lake jipya akasimama kando ya barabara na sinia la halwa mkononi, jua la saa sita. Mpaka leo hanipigii simu.

Kufungua: pistoni namba 3 ina tundu linaloingia kidole changu kidogo. Plagi yake nyeupe, na vidoto vya alumini vimeganda kwenye kauri. Nikatoa jeti. Imepigwa chapa 125. Yangu niliyokuja nayo ilikuwa 140! Hizo namba ni kipenyo, milimita 1.25 na 1.40, na ukipiga hesabu ya eneo la tundu, karibu asilimia 20 ya petroli yangu imekwenda. Kisa? Ilitoka kwenye kabureta ya gari la Nairobi. Nairobi ni mita 1,700 na kitu juu ya bahari, hewa nyepesi, jeti ndogo inawatosha. Sisi tuko pwani, hewa nzito, na juu yake mimi naisukuma psi 6 zaidi, yaani kama asilimia 40 ukiacha mambo ya joto. Nilitakiwa niwe kwenye hewa 12 kwa petroli 1 nikikanyaga. Yeye kanipa jeti ya kubana matumizi.

Na taimingi, ule wakati wa plagi kupiga cheche, kaisogeza mbele "ipate ukali". Ukifunga supachaja unairudisha nyuma, digrii moja hivi kwa kila psi. Hata hilo!

Nimemrudia na pistoni mkononi. Kwanza petroli mbovu. Halafu nimelikanyaga sana (supachaja nimefunga nilitembeze kama baiskeli?). Mwisho kaniambia mwenye gari ndiye aliyeleta "vitu vya mashindano". Pesa harudishi.

Yangu nayakubali: sikufunga mita ya kupima mchanganyiko wa hewa na petroli kabla ya kutoka. Nilikuwa na pesa zake nikanunua rimu. Haya, nitukaneni kwa hilo tu.

Sasa natafuta vitu viwili. Pistoni za 5K ovasaizi 0.50 (zilizozidi saizi ya kawaida kwa nusu milimita), seti nzima, si moja moja. Na fundi yeyote kuanzia Likoni mpaka Mtwapa mwenye mita ya waidibendi, ile ya kupima mchanganyiko, atakayekubali kukaa ndani ya gari na mimi tupande Mazeras huku anaisoma. Akiniwekea kikombe cha kahawa juu ya injini, naondoka na funguo zangu.