Zahanati ya mtaani kwetu imepita ukaguzi. Mkaguzi aliangalia nini?

Wakuu, salaam. Nina hasira na sitaificha.

Mimi ni muuguzi, kazini kwangu ni mbali na ninapokaa. Wiki iliyopita mtoto wa jirani alichanwa mguu na bati, nikamsindikiza mama yake hadi zahanati binafsi ya karibu. Jina la zahanati na la mtaa siyataji, maana hapa Dar wa Buguruni, wa Manzese na wa Gongo la Mboto wote watadhani nazungumzia ya kwao.

Mapokezi pazuri mno. Vigae vinang'aa, televisheni ukutani, leseni imewekwa kwenye fremu. Sasa ingia chumba cha kufungia vidonda. Boksi la sindano limejaa mpaka sindano zinachungulia juu, wakati aliyepita chuo chochote cha uuguzi anajua likifika robo tatu linafungwa, linapelekwa kuchomwa. Ndoo ya taka ni moja: pamba za damu, makasha ya dawa, maganda ya ndizi, vyote humo humo. Bomba halitoi maji. Ndoo ya koki iliyowekwa badala yake ni tupu. Friji nikaiona imeachwa wazi nusu, ndani kuna vichupa vya chanjo vimepangwa pamoja na soda, na hakuna kipimajoto. Chanjo zinatakiwa zikae kati ya nyuzi 2 na 8!

Akaja kijana wa kushona kidonda. Akachukua mkasi na kibanio kwenye trei, akavifuta kwa pamba yenye spiriti, akavaa glovu bila kunawa mikono. Nikamuuliza vifaa vimetakaswa lini. "Dada, hivi ni visafi, si umeona nimevifuta?" Nikamuuliza yeye ni tabibu au muuguzi, akanyamaza. Kitambulisho hana. Na mtoto kachanwa na bati lenye kutu, lakini hakuna aliyeuliza kama amechanjwa pepopunda. Tukambeba mtoto tukaondoka, akashonewa kwingine.

Kwa wasiojua: kufuta kwa spiriti si kutakasa. Kifaa kilichogusa damu kinalowekwa kwenye klorini ya asilimia 0.5 kwa dakika 10, kinasuguliwa kwa sabuni na brashi, kinasuuzwa, ndipo kinaingia kwenye mashine ya mvuke kwa nyuzi 121, dakika 20 kikiwa bila kitambaa na 30 kikiwa kimefungwa kwenye kitambaa. Virusi vya homa ya ini aina ya B vinaishi nje ya mwili siku 7 au zaidi. Yaani damu ya mgonjwa wa Jumatatu iliyokaukia kwenye maungio ya mkasi inaweza kumwambukiza mtoto anayeshonwa Ijumaa, na mama yake atakuja kujua miaka mingi baadaye, au asijue kabisa ilitoka wapi. Na msiniambie habari za umeme kukatika. Kuna mashine za mvuke ndogo, kama sufuria ya presha, zinawekwa juu ya jiko la gesi na kazi inafanyika.

Kinachonichoma zaidi ni hiki: zahanati hiyo imekaguliwa mwaka huu huu, ikapita. Aliyewahi kufanya kazi pale amenieleza ilivyokuwa. Taarifa ya ugeni ilifika mapema. Ukuta ukapakwa rangi, ndoo za taka za rangi tatu zikaazimwa, tabibu mwenye leseni akaitwa akakae kwenye kiti siku hiyo moja. Wageni wakakaa ofisini na madaftari ya MTUHA, yaani ya kumbukumbu za huduma na wagonjwa, wakapitia vyeti, wakaonyeshwa duka la dawa. Chumba cha vidonda walikitazama wakiwa mlangoni. Huo ni ukaguzi wa karatasi!

Halafu mwananchi akitaka kulalamika aende wapi? Hospitali binafsi zina bodi yake, maabara binafsi zina bodi yake, famasi ina baraza lake, madaktari lao, wauguzi na wakunga tuna letu. Mimi niliye ndani ya fani nilikaa nikijiuliza nianzie mlango gani. Mama wa mtoto atajuaje?

Wala si kwamba haiwezekani kukagua kweli. Mwaka 2015/16 Serikali ilipopima vituo vya afya vya ngazi ya msingi kwa nyota, kuanzia sifuri hadi tano, karibu theluthi moja viliambulia nyota sifuri. Ukweli ulionekana kwa sababu watu waliutafuta.

Ninachotaka ni kidogo. Mkaguzi aje bila kupiga simu, na aanzie nyuma: shimo la taka, choo, chumba cha sindano, ofisi iwe ya mwisho. Amwambie mhudumu aliyemkuta zamu, "washa mashine ya mvuke nikuone," na aoneshwe ule utepe unaobadilika rangi kifaa kikishapata joto. Afungue friji. Kisha matokeo yabandikwe getini, kwa Kiswahili, yakiwa na tarehe na kasoro zote zilizokutwa, ili mzazi asome kabla hajalipa pesa ya kumuona daktari. Leo tunabandikiwa leseni tu, na leseni haisemi mkasi ulioshwa lini.

Wenye zahanati mtakaokuja hapa kusema naharibu biashara za watu, karibuni, ila mje na picha ya boksi lenu la sindano lilivyo leo.

Jumatatu napeleka barua kwa mganga mkuu wa manispaa, nakala kwa bodi ya hospitali binafsi, na humo nitaitaja zahanati kwa jina. Kama nawe umeona mambo ya namna hii kwenye zahanati ya kwenu, andika barua yako, taja tarehe, chumba na ulichokiona kwa macho, majina ya wagonjwa uyaache. Ukishaipeleka, dai igongwe mhuri wa kupokelewa na ubaki na nakala.