Naomba ushauri: kupiga picha watu wakiwa kazini Kariakoo na Feri

Habari zenu wakuu, napiga picha za mtaani hapa Dar, watu na kazi zao, wabeba mizigo Kariakoo, wauza kahawa na mabirika yao ya mkaa, wakaanga samaki wa soko la Feri kwenye yale makarai makubwa (moshi ule ni mtamu kwenye picha, machoni ni balaa). Shida ni ruhusa. Nikiomba kwanza mtu anaacha kazi anasimama wima kama picha ya pasipoti, nisipoomba naambiwa naenda kuwauza Ulaya. Nimejaribu kununua kahawa tupige stori kwanza, kwa wauza kahawa inasaidia ila wabeba mizigo hawana muda huo.

Mliozoea, hela ya soda mnatoa au mnamsafishia mtu picha yake mnampelekea? Na Feri naanzia uongozi wa soko au kwa wakaangaji wenyewe?