Servo zinatetemeka tangu nilipoongeza flapu: nimekosea wapi katika kufunga vifaa?

Rubani wa Mwambani aliandika:

Assalaam aleikum wanajukwaa. Mimi ni mkazi wa Tanga, na kwa muda wa miezi mitano nimekuwa nikijenga ndege ndogo ya kurushwa kwa rimoti. Bawa lake limekaa juu ya kiwiliwili, lina urefu wa sentimita 120 kutoka ncha hadi ncha, na sentimita 20 kutoka ukingo wa mbele hadi wa nyuma. Kiwiliwili nimekikata kwenye bodi ya foamu. Mbavu za bawa nimezichonga kwa mlingoti wa mkonge uliokauka, maana mbao nyepesi za balsa sizipati hapa ilhali mkonge umetuzunguka kila upande, na uti wa bawa ni kipande cha fimbo ya kuvulia samaki ya kaboni iliyovunjika. Betri ni ya lithiamu yenye seli 3, kidhibiti mwendo cha mota ni cha ampea 30, na servo, yaani mota ndogo zinazosogeza sehemu za kuongozea ndege, ni zile za gramu 9.

Mwanzoni nilikuwa na servo 4, yaani mbili za eleroni (vibawa vya kuilaza ndege upande), moja ya elevata (ya kuinua na kushusha pua) na moja ya usukani wa mkiani, na ndege iliruka mara sita bila tatizo. Kisha tamaa ikanishika nikaongeza flapu, vile vibawa vya nyuma ya bawa vinavyoshushwa ili ndege iende polepole, ambazo zimehitaji servo nyingine 2, na tangu siku hiyo sina raha. Ndege ikiwa mezani na rimoti ikiwa mkononi mwangu, servo zote zinatetemeka kama mtu mwenye homa kila ninaposogeza vijiti viwili kwa pamoja huku flapu zikiwa chini. Juzi alasiri niliirusha, na ilipofika umbali wa mita 150 hivi ikakaa kama sekunde 2 bila kutii amri yoyote, kisha ikazinduka yenyewe. Niliishusha huku miguu ikiniishia nguvu.

Kipokezi, kile kidude kinachopokea amri za rimoti, nimekibandika juu ya kidhibiti mwendo kwa gundi ya mkanda ili waya ziwe fupi, na antena zake mbili nimezilaza ndani ya bawa sambamba na ule uti ili zisionekane. Muuzaji aliyeniuzia vifaa anasema rimoti ni hafifu na kwamba ninunue ya bei kubwa zaidi. Naomba ushauri kabla sijatoa fedha.

Mpeperushaji wa Pongwe alijibu:

Wa aleikum salaam. Fedha zako ziache mfukoni kwanza. Rimoti za siku hizi zinatumia masafa ya gigahezi 2.4, ambayo wimbi lake lina urefu wa sentimita 12.5 tu. Sehemu ya antena inayopokea hasa ni ile ncha iliyomenywa ganda la nje, yenye urefu wa milimita 31 hivi, sawa na robo ya wimbi, na waya mnene unaoitangulia ni njia ya kupitishia tu. Kaboni inapitisha umeme, kwa hiyo mbele ya mawimbi hayo ni ukuta. Wewe umezilaza ncha zote mbili kando ya ukuta huo, tena zikielekea upande mmoja, na ndege ikigeuka vibaya zote mbili zinaziba kwa wakati mmoja.

Chukua mrija wa soda, ukate vipande viwili, uvigundishe nyuma ya bawa ndani ya kiwiliwili, kimoja kikiwa wima na kingine kikilala, kisha ingiza ncha za antena humo ili zikae zimenyooka na kutengeneza pembe ya digrii 90. Zikae mbali na betri, mbali na mota na mbali na waya nene za umeme. Ncha isikunjwe, na kamwe usiikate ili ipate kutosha.

Fundi Redio wa Ngamiani alijibu:

Aliyosema ndugu yetu wa Pongwe ni ya kweli na ninakushauri uyafanye leo, lakini kwa heshima zote, hayajibu nusu ya kwanza ya swali. Servo zinatetemeka ndege ikiwa mezani na rimoti ikiwa mkononi. Kwa umbali wa hatua mbili hata antena iliyofunikwa kwa sufuria ingepata kitu. Mtetemo huo umeanza baada ya servo kutoka 4 kufika 6, na unatokea vijiti vinaposogezwa kwa pamoja, maana yake ni kwamba chakula hakiwatoshi walaji.

Umeme wa kipokezi na servo unatoka katika kidhibiti mwendo chenyewe, ambacho ndani yake mna kipunguza volti kinachoshusha umeme wa betri hadi volti 5. Vipo vya aina mbili. Aina ya bei nafuu inashusha volti kwa kuigeuza ile ziada kuwa joto. Betri ya seli 3 ina volti 11.1 kwa wastani na 12.6 ikiwa imejaa, kwa hiyo servo zikivuta ampea 1 tu, wati 6 hadi 7 na nusu zinapotea kama joto ndani ya kidude chenye ukubwa wa kisanduku cha kiberiti, ambacho wewe umekifunika kwa kukibandikia kipokezi juu yake. Pasi yangu ya kulehemu ni ya wati 25 na inayeyusha risasi, kwa hiyo unaweza kukisia hali ya kipokezi chako. Kipunguza volti kikizidiwa na joto au na mzigo, volti inaanguka. Ikianguka mno kipokezi kinazimika na kuwaka upya, na zile sekunde 2 za ukiwa ulizozieleza zinafanana sana na muda ambao kipokezi hutumia kuitafuta tena rimoti yake.

Sasa usiamini maneno yangu, pima. Vua propela kwanza, na hili silisemi kwa mazoea, nina kovu kwenye kidole cha shahada. Chomeka waya za mita ya umeme kwenye nafasi iliyo wazi ya kipokezi, waya mwekundu na mweusi, kisha shusha flapu na uzungushe vijiti vyote kwa fujo. Mita za kawaida ni nzito kuona mianguko ya muda mfupi, kwa hiyo ukiiona imeshuka kidogo ujue hali halisi ni mbaya zaidi. Halafu chomoa servo za flapu na upime tena.

Jambo la pili, sogeza sikio. Servo iliyotulia haitakiwi kulalamika. Flapu zikiwa chini kabisa, ukisikia moja inalia kama nzi aliyenaswa kwenye chupa, basi inasukuma kitu kisichoweza kusogea tena, aidha bawaba imefika mwisho au fimbo ya kusukumia imekwama kwenye tundu lake. Servo ndogo iliyokwama inaweza kuvuta zaidi ya nusu ampea bila kufanya kazi yoyote, nawe huenda unazo mbili za namna hiyo.

Tiba ni kufunga kipunguza volti cha nje, kile cha aina inayokata umeme kwa kasi badala ya kuuchoma, chenye uwezo wa ampea 3 au zaidi kwa volti 5. Kinapata umeme moja kwa moja kutoka kwenye betri na kinalisha kipokezi. Ukikifunga, chomoa waya mwekundu peke yake kutoka kwenye plagi ya kidhibiti mwendo inayoingia kwenye kipokezi, ukunje nyuma na uufunge kwa mkanda wa umeme. Usipofanya hivyo vipunguza volti viwili vitakuwa vikisukumana. Waya mweusi na waya wa mawimbi hubaki mahali pake, la sivyo mota haitasikia amri.

Mzee wa Raskazone alijibu:

Mwanangu, mimi nilijifunza mchezo huu miaka ya 1980 nilipokuwa baharia, katika bandari za Uingereza, wakati rimoti za ndege zilikuwa za megahezi 35 na antena ya kipokezi ilikuwa waya wa karibu mita nzima uliofungwa kwenye ncha ya mkia. Siku hizo hata vyuma viwili vilivyosuguana kwenye fimbo ya usukani vilitosha kuleta mtetemo. Mambo hayo yamepita, ila uvivu wa kufunga vifaa haujapita, na picha uliyonielezea ya kipokezi kilichogundishwa juu ya kidhibiti mwendo imenikosesha usingizi.

Kipokezi kivishe sponji, hata ile ya kuoshea vyombo iliyo safi, kisha kikae peke yake chini ya bawa. Mpira mdogo unaokuja na servo uuvalishe kwenye masikio yake, na kile kikombe cha shaba kiingie kutokea chini, ukingo wake mpana ukikaa juu ya ubao, ili skrubu ikikazwa ikaze kikombe na si kuuponda mpira. Wengi wanakigeuza juu chini, kikaanza kula ubao.

Nakisia ulifunga mikono ya servo za flapu bila kuwasha rimoti. Sivyo. Washa rimoti kwanza, kisha ndege, weka vijiti na trimu (vile vitufe vya marekebisho madogo kwenye rimoti) katikati, ndipo uvalishe mkono wa servo ukiwa umesimama digrii 90 na fimbo ya kusukumia. Ukitaka usukani utembee kidogo lakini kwa nguvu, tumia tundu la ndani kwenye mkono wa servo na tundu la nje kwenye pembe ya usukani, kile kipande kidogo chenye matundu kilichobandikwa juu yake. Spoku ya baiskeli inafaa sana kuwa fimbo, na katika mji huu hakuna mtu anayeweza kudai amekosa spoku.

Kisha kuna chumvi. Upepo wa kusi unaopiga kutoka baharini unaingia kila mahali, na plagi za kipokezi zinaota ukungu wa kijani. Chomoa kila plagi, isugue kwa mswaki wa zamani na spiriti, uikaushe. Nimewahi kuona ndege nzima ikipotea kwa pini moja.

Nina swali ambalo hujaligusa. Ulipokosa mawasiliano zile sekunde 2, mota ilifanya nini? Propela ikiwa imevuliwa, fungua mota hadi nusu, halafu zima rimoti. Ikiendelea kuzunguka, hujaweka amri ya dharura, na ndege yako ikipotea itakwenda na nguvu zake zote mpaka iangukie paa la mtu. Iweke ili mota izimike. Na kwa kuwa uwanja wa ndege uko karibu na mji, waulize TCAA (Mamlaka ya Usafiri wa Anga Tanzania) kuhusu kibali na mahali pa kurushia kabla hujaenda tena, usingoje kuulizwa wewe.

Rubani wa Mwambani aliandika:

Shikamoo mzee, na shukrani kwenu nyote. Nimekaa na ndege hii mezani siku tatu.

Mita ilisoma volti 5.0 servo zikiwa zimetulia, na ilipofika flapu chini na vijiti vyote vikizunguka ikaanguka hadi 4.1. Nilipochomoa flapu haikushuka chini ya 4.8. Flapu ya kushoto ilikuwa ikilia vilevile kama alivyosema fundi, na nilipoichunguza nikakuta spoku yangu inagusa ukingo wa tundu la foamu kabla flapu haijafika chini, kwa hiyo nimelipanua. Kipunguza volti cha nje cha ampea 5 nimeletewa na jamaa kutoka Dar es Salaam, waya mwekundu nimeuchomoa na kuuziba, na sasa mita inabaki kati ya 4.9 na 5.0 hata nikifanya fujo.

Kuhusu mota, mzee, nilizima rimoti na ikaendelea kuzunguka kwa nusu ya mwendo kana kwamba sikufanya lolote. Niliiangalia kwa muda bila kusema neno. Amri ya dharura nimeiweka na nimeijaribu mara kumi.

Antena ziko ndani ya mirija, moja wima na nyingine ikilala. Kwa kuwa kipokezi na betri vimehama, nimepima upya mahali ndege inapojiweka sawa, na nimesogeza betri mbele mpaka uzito ukatulia sentimita 5 na nusu kutoka ukingo wa mbele wa bawa. Jaribio la masafa nimelifanya kwa kupunguza nguvu ya rimoti na kutembea hatua 30, kwanza mota ikiwa kimya, kisha kijana wangu akiishika ndege kwa nguvu huku mota ikinguruma, na usukani haukutetemeka hata kidogo.

Limebaki jambo moja. Servo za flapu nimezifunga kama kitu na kivuli chake kwenye kioo, na kila moja ina nafasi yake kwenye kipokezi. Moja nimeigeuza mwelekeo kwenye rimoti, lakini ya kushoto bado inashuka milimita 3 zaidi ya mwenzake. Je, niirekebishe kwa trimu?

Fundi Redio wa Ngamiani alijibu:

Hapana, bado. Umefanya vizuri kutozifunga kwa waya mmoja wa njia mbili, kwani servo zilizofungwa kwa namna ya kioo zikipewa amri moja zingepeleka flapu moja juu na nyingine chini. Tofauti ya milimita 3 irekebishe kwa mkono kwanza. Hakikisha flapu zote mbili zikiwa zimefungwa zimelingana na bawa, halafu hamisha fimbo ya kushoto tundu moja kuelekea ndani kwenye mkono wa servo. Ikibaki milimita moja, hiyo ndiyo uimalizie kwenye rimoti kwa kupunguza mwisho wa mwendo wa servo hiyo. Mara ya kwanza utakapozishusha angani, panda juu vya kutosha na kidole kikae kwenye swichi, kwa sababu zikishuka kwa kutolingana ndege itaviringika upande mmoja na utahitaji kuzirudisha mara moja.